Pikipiki Mpya na Spana za Mapambo

Mpwa wangu alichukua pikipiki mpya kwa mkopo katika duka moja mjini Kisumu, na kabla hajafikisha kilomita 500 za huduma ya kwanza, cheni ilikuwa imeanza kulegea, kama ilivyo kawaida ya cheni mpya. Kijana huyu ni mtu wa kufuata maagizo. Alifungua kitabu cha maelezo, akasoma kwamba kabla ya kukaza cheni ni lazima alegeze nati ya ekseli ya nyuma, yaani chuma kinachopita katikati ya gurudumu, akatoa kifuko cheusi cha plastiki kinachokaa nyuma ya kava ya ubavuni, akachagua spana iliyolingana na nati, akavuta. Nati haikusogea. Kilichosogea ni spana, ambayo ilipanua mdomo, ikateleza, na kuzila pembe za nati hadi ikabaki mviringo. Kazi ambayo ingemalizika chini ya mti kwa muda mfupi iliishia kwa fundi wa Ahero, aliyeitoa nati hiyo kwa patasi na nyundo, kisha akamuuzia nyingine. Mpwa wangu aliporudi dukani kulalamika, alijibiwa kwa upole mwingi: "Kijana wangu, hizo spana ni za dharura tu."

Nimeitafakari kauli hiyo kwa muda na bado sijaielewa. Ikiwa spana ni ya dharura, basi ndiyo iliyopaswa kuwa imara kuliko spana zote, kwa maana dharura humkuta mtu usiku, mvua ikinyesha, abiria akiuliza kila baada ya dakika mbili kama bado, katikati ya miwa ya Chemelil ambako hata taa ya nyumba haionekani. Spana dhaifu inaweza kumfaa fundi mwenye spana nyingine ukutani. Haimfai hata kidogo mtu ambaye hana nyingine.

Tuliangalie jambo hili kwa makini, kwa sababu wauzaji wanapenda kusema kwamba vijana hawajui kutumia vifaa. Nati ina pande sita. Spana ya mdomo wazi hushika pande mbili tu, na nguvu zote za mkono hupitia hapo. Spana ringi huizunguka nati nzima na kuigawa nguvu hiyo kwenye pembe zote sita, ndiyo maana fundi yeyote mwenye akili timamu huanza na ringi anapokutana na nati iliyokazwa sana. Nati ya ekseli ya nyuma ni miongoni mwa zile zinazokazwa kwa nguvu zaidi katika pikipiki nzima, na ni haki yake, kwa kuwa ndiyo inayolishikilia gurudumu linalobeba dereva, abiria na gunia la mahindi. Sasa mtengenezaji, anayelijua hilo kuliko sisi sote, anampa mnunuzi spana ya mdomo wazi iliyokatwa kutoka bamba la chuma laini, yenye mpini mfupi usiotosha hata kiganja kizima, kisha anamwandikia kitabuni akague ulegevu wa cheni mara kwa mara na kuurekebisha. Vitabu vingi vya pikipiki hizi ndogo vinataka cheni icheze takriban milimita 20 hadi 30 katikati ya sproketi mbili, yaani yale magurudumu ya meno yanayoizungusha. Nasoma maagizo hayo na kujiuliza kama aliyeyaandika amewahi kukiona kifuko hicho.

Si hayo tu. Ekseli ina ncha mbili, na mara nyingi usipoushika upande wa pili, kichwa chake huzunguka pamoja na nati na unabaki kuizungusha ekseli nzima bila kulegeza chochote. Kazi hiyo inataka spana mbili kwa wakati mmoja. Katika kifuko cha mpwa wangu ilikuwamo moja tu ya kufaa kazi hiyo, hiyo hiyo iliyopanua mdomo. Inaonekana kiwandani waliamua kwamba upande wa pili utashikwa kwa meno.

Kisha kuna pancha, ambayo ndiyo dharura kuu ya mtu wa bodaboda. Pikipiki nyingi za kazi hutumia tairi zenye tyubu, kwa hiyo msumari mmoja unamlazimu mtu atoe gurudumu au angalau afungue ubavu wa tairi, avute tyubu, atafute tundu, abandike kiraka na kujaza upepo. Kifuko kipya hakina chuma hata kimoja cha kutolea tairi, hakina kiraka, hakina gundi, hakina pampu. Kina bisibisi yenye ncha mbili inayochomoka kwenye mpini wake na, kwa baadhi ya aina, koleo ambalo taya zake hazikutani.

Nakiri, kwa shingo upande, kwamba spana ya plagi huwa si mbaya. Ile bomba yenye tundu la kupitishia kijiti huifungua plagi bila matatizo, kwa sababu huishika pande zote na kwa sababu plagi haikazwi kwa nguvu nyingi. Iwe ya milimita 16 au ya milimita 18, kazi inafanyika. Wahudumu wengi wa bodaboda wanaotupa vitu vingine vyote huibakiza hiyo.

Na wanavitupa kweli, ama wanawapa watoto wachezee. Ukitaka kujua pikipiki inahitaji nini barabarani, usiulize kiwanda. Mwombe mhudumu aliyekaa kazini miaka mingi pale Kondele au Mamboleo akuinulie kiti. Utakuta spana ringi mbili za ekseli alizonunua soko la Kibuye zikiwa kuukuu lakini za chuma kizuri, namba 10 kwa ajili ya kebo na betri, waya laini wa kufunga kilichokatika, plagi ya akiba, linki moja ya cheni na kibanio chake, na vyote vimeviringishwa kwa blada ile ile anayofungia mizigo ili visigongane. (Mzee mmoja wa steji alinisisitizia kwamba upande uliofungwa wa kibanio cha linki lazima uelekee kule cheni inakoenda, la sivyo kitachomoka. Yuko sahihi, na elimu hiyo aliitoa bila malipo.) Anayefanya kazi Kano wakati wa mvua ndefu huongeza kijiti kigumu cha kukwangua udongo mweusi unaojaa kati ya tairi na madigadi hadi gurudumu linakataa kuzunguka. Wa Molo na Njoro huongeza chupa ndogo ya oili, maana vumbi la kule linaitafuna cheni.

Jibu ninalolitarajia ni kwamba mafundi wako kila mahali. Ni kweli, kuna fundi katika kila soko kuanzia Luanda hadi Webuye, na wengi wao ni hodari. Lakini fundi hufunga kibanda jioni, na pikipiki ya mkopo haifungi. Anayelipa kila siku hupigiwa simu siku hiyo hiyo asipotuma pesa, na saa anazopoteza akiisukuma pikipiki yenye pancha kutoka ndani ya mashamba hadi lami ni saa za malipo hayo. Kuna pia abiria. Mama mjamzito anayepelekwa hospitali usiku hawezi kuambiwa kwamba fundi atafungua saa moja asubuhi. Hapa hasira yangu huacha kuwa mzaha, kwa kuwa vijijini kwetu pikipiki ndiyo gari la wagonjwa, na anayeiuza anajua hivyo.

Wala tusiambiwe kwamba haiwezekani. BMW R75/5, iliyotengenezwa Berlin kati ya 1969 na 1973, ilimfikia mnunuzi ikiwa na spana za maana, vyuma vya kutolea tairi, viraka na pampu ya mkono iliyokuwa na nafasi yake maalumu kwenye pikipiki yenyewe. Walitia hata kitambaa cha kufutia mikono. Ilikuwa pikipiki ya bei ghali, sawa, nakubali. Hata hivyo, mtu anayelipa zaidi ya shilingi 100,000 kwa chombo cha kumlishia watoto hastahili kupewa vifaa ambavyo haviwezi kulegeza nati ya gurudumu lake mwenyewe. Spana ringi mbili, vyuma viwili vya tairi na viraka havifikii bei ya tairi moja ya nyuma.

Sheria inataka helmeti na jaketi la kuakisi mwanga, na inafaa itake hivyo. Kuhusu vifaa, sijamsikia askari yeyote akimwuliza mhudumu kama ana spana. Pikipiki za umeme tunazoziona siku hizi mjini Kisumu nazo zina tairi, na misumari haijali kinachozungusha gurudumu.

Kwa hiyo nina ombi moja kwa yeyote anayekwenda kununua pikipiki mwezi huu. Kabla hujatia sahihi, mwombe muuzaji akitoe kifuko, kisha alitoe gurudumu la nyuma mbele ya macho yako kwa kutumia vilivyomo humo tu. Usimharakishe, mpe kiti akae. Akishindwa na kumwita fundi wa nyuma ya duka aje na spana ringi zake, mwambie ziandikwe kwenye risiti pamoja na pikipiki.