Upepo wa Hokusai na karatasi za Jeff Wall

Wanaomlaumu mpiga picha Jeff Wall kwa kazi yake ya mwaka 1993, A Sudden Gust of Wind (after Hokusai), husema kwamba kile anachokiita heshima kwa Hokusai, bingwa wa Japani wa picha zinazochapwa kwa mbao za kuchongwa, ni kujitukuza kwa jina la mwingine, na kwamba upepo ulioungwaungwa kwa kompyuta hauwezi kuvuma. Shutuma hiyo ina ukweli ndani yake, ila nadhani imemkosea Hokusai kuliko inavyomkosea Wall.

Picha ya Hokusai, inayoonyesha wasafiri wakipigwa na upepo huko Ejiri katika mkoa wa Suruga, Japani, ilichapwa mwanzoni mwa miaka ya 1830. Wall aliihamishia kwenye uwanda ulio nje ya Vancouver, Kanada, akaipanua hadi karibu mita 4 na kuiweka kwenye sanduku lenye taa kwa nyuma. Upande wa kushoto mwanamke amefunikwa uso na skafu yake mwenyewe huku karatasi zikimponyoka mkononi. Mbele kidogo mwanamume ameinua macho kuitazama kofia yake ikienda zake angani.

Kinachowaudhi wengi ni hesabu: zaidi ya picha 100, zilizopigwa kwa miezi kadhaa kila hali ya hewa iliporuhusu, waigizaji wakisimama walipoelekezwa, kisha vipande vikaunganishwa. Picha 100 kwa pumzi moja ya upepo! Nami hesabu hiyo ilinichekesha, mpaka nilipokumbuka jinsi picha ya Ejiri ilivyopatikana. Mchoro wa Hokusai ulibandikwa kifudifudi juu ya ubao, fundi akachonga akiufuata mpaka mchoro wenyewe ukateketea chini ya kisu; vikaongezwa vibao vya rangi; kisha mpiga chapa akailaza karatasi ileile juu ya kibao kimoja baada ya kingine, akiongozwa na alama zilizochongwa ukingoni ili rangi isikimbie mstari wake. Hokusai, ingawa ujanani alijifunza kuchonga, kazi hiyo aliwaachia mafundi, na gharama zilikuwa za mchapishaji. Kwa hiyo upepo wa Ejiri nao haukunaswa njiani na mtu mmoja aliyebahatika kupita. Ulijengwa tabaka juu ya tabaka, kwa mikono ya watu kadhaa. Wall alirudia utaratibu huo kwa kamera, chombo ambacho sisi tumezoea kukidai ushahidi, na hapo ndipo tunapohisi tumedanganywa, ilhali kwa mbao hatukuwahi kudai lolote.

Wapinzani wana hoja nzito zaidi kuhusu mlima. Hokusai aliuchora Fuji kwa mstari mmoja tu, mweupe na usiotikisika, wakati kila kitu mbele yake kinapeperushwa. Kwa Wall mlima haupo, zimebaki nguzo za waya na ardhi tambarare. Mshangao wa watu wake umekosa kitu kilichotulia cha kupimwa nacho, na hasara hiyo naiona.

Halafu kuna suala la bei, ambalo sina la kulijibu. Picha ya Hokusai ilikuwa bidhaa ya dukani, ambayo mtu wa kawaida wa mjini aliweza kuinunua na kwenda nayo nyumbani mkononi. Ya Wall inamilikiwa na jumba la sanaa la Tate nchini Uingereza, na sanduku lake, lenye kimo cha mita 2.5, halipiti hata kwenye mlango wa nyumba ya kawaida.