Historia ya Kwetu Chini ya Kufuli
Juzi usiku, hapa Tabora, nilitafuta mtandaoni makala ya kitaaluma kuhusu Mtemi Mirambo, mtawala wa Wanyamwezi aliyefariki mwaka 1884 na ambaye makao yake yalikuwa Urambo, magharibi tu mwa mji wetu. Nikaipata, nikasoma ikisiri, yaani muhtasari wake, ya mistari sita, kisha ukurasa ukanidai dola 42 za Marekani kwa ruhusa ya saa 24. Inaniuma sana, kwani masimulizi yenyewe yametoka kwa wazee wa huku huku, mwandishi kwa kawaida halipwi chochote na jarida, na wataalamu wanaoipitia makala kabla haijachapishwa hujitolea bure. Mpwa wangu, anayeandika tasnifu kuhusu Unyamwezi, amebaki kunukuu ikisiri hiyo peke yake.