Alama 40 za kututoa roho
Hivi ni nani aliyeamua kwamba majaribio, insha, wasilisho na kazi ya kikundi za masomo yote hapa chuoni ziangukie wiki moja? Sisi tunaosaka daraja la kwanza, yaani wastani wa ufaulu (GPA) wa 4.4 kwenda juu, hatuwezi kuzipuuza alama 40 za kazi hizo, zinazotangulia mtihani wa mwisho wenye alama 60. Basi kwa nini kazi ya watu kumi ifanywe na wawili, huku wanane wakituma namba za usajili usiku wa manane ili ziandikwe kwenye jalada? Asubuhi tunapigwa na vumbi la Dodoma hadi steshenari, tunakuta foleni na umeme umekatika, ilhali mhadhiri anataka nakala iliyochapishwa kabla ya saa nne! Kisha matokeo ya kazi hizo yanabandikwa jioni ya kuamkia mtihani. Jamani, tukate rufaa saa ngapi?