Acheni kuwaambia watoto kuwa kuotea ni kumpita beki wa mwisho

Mpira umetoka nje upande wa barabarani. Beki wa kushoto anaurusha, winga anaupokea akiwa peke yake nyuma ya mabeki wote, na kabla hajageuka uwanja mzima unalipuka: "Ameotea!", yaani yuko "offside". Kocha yuko ndani tayari. Mshika kibendera, msaidizi wa refa pembeni, anazingirwa na watu wazima, na mechi ya watoto wa chini ya miaka 13 imesimama. Mambo haya hapa Mombasa yanaonekana Tononoka, yanaonekana Bomu kule Changamwe, yanaonekana kwenye viwanja vya mchanga Likoni na Kisauni. Na katika umati wote ule, aliyekuwa sahihi ni yule mshika kibendera anayetukanwa. Mpira wa kurusha hauna kuotea. Kona haina. Goli kiki haina. Mpira ukienda moja kwa moja kutoka kwenye mojawapo ya hizo tatu, mpokeaji anaruhusiwa kusimama hata puani pa kipa.

Sina neno na mashabiki. Wanaonikera ni makocha, kwa sababu kelele ile ilianzia kwao. Mtoto anaingia mazoezini wiki ya kwanza, anauliza kuotea ni nini, anajibiwa: "Ukimpita beki wa mwisho umeotea." Jibu hilo ni fupi, ni rahisi kushika, na lina makosa kila upande. Mtoto anakua nalo, anakuwa straika nalo, mwisho anakuwa kocha nalo.

Tuanze na huyo "beki wa mwisho". Sheria haimjui beki wala kipa. Inahesabu wapinzani wawili wa mwisho, wawe nani: pasi inapotoka, wawili hao wawe baina ya mpokeaji na mstari wa goli, au sawia naye. Kwa kawaida mmoja wao ni kipa, ndiyo maana watu humsahau na kumtazama beki tu. Lakini subiri dakika za mwisho, kona imepigwa, kipa katoka kuupiga ngumi mpira na amebaki nje mbali na goli. Mpira unamrudia mshambuliaji, anaurejesha ndani kwa mwenzake aliyesimama hatua tatu kutoka golini, na beki mmoja yuko kwenye mstari wa goli. Watu wanashangilia: beki yupo pale, amemfunika! Sivyo. Baina ya mfungaji na mstari wa goli kuna mpinzani mmoja tu, na wanatakiwa wawili. Ameotea, goli halipo. Refa anayelikataa goli hilo hapa kwetu anahitaji moyo wa chuma.

Pili, mpira wenyewe. Aliye nyuma ya mpira au sawa nao pasi inapotoka hawezi kuotea, hata mabeki wote wawe wameachwa katikati ya uwanja. Washambuliaji wawili wakibaki na kipa peke yake, mwenye mpira akimrudishia mwenzake nyuma kidogo, goli ni halali kabisa. Tatu, nusu ya uwanja. Aliye kwenye nusu yake mwenyewe pasi inapopigwa hajaotea, na mstari wa kati unahesabiwa kuwa bado uko kwake.

Akiwa sawia na mpinzani wa pili kutoka mwisho, yuko salama. Wazee wa barazani waliojifunza mpira kabla ya 1990 wana udhuru wao hapa, maana zamani kuwa sawia kulikuwa kosa, na mwaka huo ndipo sheria ilipobadilishwa. Hata hiyo hesabu ya wapinzani wawili ilianza 1925. Kabla yake walitakiwa watatu, na magoli yalikuwa haba. Lakini kijana anayefundisha leo hana udhuru huo. Na mikono haihesabiwi, si ya mshambuliaji, si ya beki, si ya kipa. Kinachopimwa ni kichwa, kiwiliwili na miguu.

Kosa kubwa kuliko yote, hata hivyo, ni la wakati. Kinachoangaliwa ni pale alipokuwa mchezaji mguu wa mwenzake ulipougusa mpira, si pale alipoupokea. Pasi ndefu ikikaa hewani sekunde mbili, winga mwenye mbio ameshakata mita kumi na zaidi. Anaupokea akiwa peke yake kabisa, na macho yaliyokuwa yakiufuata mpira angani yanaapa kuwa ameotea. Macho hayo hayakuwa mahali pake. Mshika kibendera hautazami mpira ukiruka. Anakimbia sambamba na mpinzani wa pili kutoka mwisho, anausikia mguu ukigonga mpira, na papo hapo anajua nani alikuwa wapi. Wewe uliyekaa kwenye kona ya uwanja unatazama kimshazari, na kwa mshazari wachezaji wawili walio sawia huonekana mmoja ametangulia. Kwa hiyo jamani, waandaaji, vuteni kamba mita mbili nyuma ya mstari upande wanakokimbia washika vibendera. Mashabiki wakisimama juu ya chokaa, yule kijana analazimika kukimbilia ndani ya uwanja au nyuma ya migongo ya watu, kisha tunamlaumu kwa kutoona.

Na kuwa mahali pa kuotea peke yake si kosa. Kosa ni kushiriki akiwa pale: kuucheza mpira, kumziba kipa asione, kumbughudhi beki anayeuendea mpira, au kufaidika na mpira uliogonga mwamba au uliotemwa na kipa. Straika anayerudi taratibu huku winga wa upande wa pili akiukimbilia mpira hajakosea lolote. Nakubali kuna kipengele kinachozozaniwa hadi ligi kubwa: beki akiucheza mpira kwa makusudi, anaufuta uoteaji, ukimgonga tu na kubadili mwelekeo, haufuti, na akiokoa mpira unaoingia golini, haufuti pia. Hapo refa anapima kwa akili yake, na atakosea mara nyingine. Lakini hicho ni kipengele kimoja, si sheria nzima.

Sheria nyingine za msingi hazina ugumu huu. Kurusha: mikono miwili, mpira utoke nyuma ya kichwa upite juu yake, miguu yote miwili iguse chini, juu ya mstari au nje, ukikosea wanarusha wapinzani. Goli na mpira wa nje: lazima mpira mzima uvuke mstari mzima. Kipa akikaa na mpira mikononi zaidi ya sekunde 8, tangu 2025 adhabu ni kona. Mtoto anayashika haya kwa siku moja.

Kuotea kunataka robo saa na watoto saba. Mweke kipa golini, mabeki wawili, washambuliaji wawili, mmoja wa kupiga pasi, na wa saba pembeni akiwa na kitambaa mkononi. Wacha wacheze. Mguu ukigusa mpira tu, piga filimbi, na kila mtu agande aliposimama. Uliza: yuko nusu ya wapinzani? Yuko mbele ya mpira? Baina yake na mstari wa goli wako wapinzani wangapi, ukiwahesabu pia walio sawia naye? Majibu mawili ya kwanza yakiwa ndiyo, na la tatu likiwa chini ya wawili, yuko mahali pa kuotea. Raundi ya pili usipige filimbi kwenye pasi, ipige mpira unapopokewa, kisha waonyeshe umbali aliosogea yule mshambuliaji tangu pasi itoke. Hapo ndipo mtoto anapoelewa, na utaona anavyorudi kumweleza mwenzake kwa mikono.

Kisha wabadilishane, kila mmoja ashike kitambaa. Akiona kosa akinyooshe juu wima na asubiri filimbi. Ikilia, akielekeze: kwa chini ikiwa aliyeotea yuko upande wake, sambamba na ardhi ikiwa katikati, kwa juu ikiwa upande wa mbali. Mpira wa adhabu upigwe pale mchezaji alipoingilia mchezo, hata kama alirudi kuufuata kwenye nusu yake mwenyewe, na refa aendelee kuinua mkono hadi mpira uguswe na mtu wa pili au utoke nje, kwa kuwa mpigo huo hauruhusiwi kuingia golini moja kwa moja.