Ile nyumba yenye giza kwenye TV ni yangu

Wiki iliyopita TV ya mji huu ilikuja mtaani kwetu. Sio kwangu, kwa mzee jirani. Kila Desemba mzee anapamba nyumba mataa kuanzia paa, miti, uzio, mpaka kisanduku cha barua, na mwaka huu wakaja na gari lao wakamhoji kama dakika mbili hivi. Sasa kamera ilivyokuwa inazunguka kuonyesha nyumba nzima, mwishoni kabisa kulia ikatokea nyumba moja nyeusi tii kama wenyewe wamehama. Ndio kwangu. Na nilikuwemo ndani, nakula.

Kwa ushamba wangu nikairekodi na simu nikaitupa grupu la ukoo, nikajua watashangaa mataa. Wa kwanza kujibu ni kaka, yuko Mwanga, Kigoma: "Kwenu umekatika?" Wa pili shangazi wa Ujiji: "Pole mwanangu, nikutumie ya uniti?" Baada ya hapo ni vikatuni vya kucheka tu mpaka nikazima data. Yaani mtu umetoka Kigoma, umevuka bahari, umefika Columbus, Ohio, halafu wewe ndio unaonewa huruma ya umeme na watu wa mwisho wa reli.

Ngoja nijitetee. Umeme upo, tena tangu nimefika huku naweza kuhesabu kwa vidole mara uliokatika. Bili nalipa. Tatizo ni mkono wangu, haujui kuwasha taa ambayo haina kazi. Mimi nimelelewa na mama ambaye akisikia swichi inalia "ta" chumbani anauliza kutoka jikoni "unatafuta nini humo?" Ukisema hutafuti kitu, zima. Taa ya nje ilikuwa inawashwa mgeni akiwa anaondoka, akishavuka kona inazimwa, hata hajafika barabarani. Mnaojua mnajua. Na mnakumbuka zile usiku uniti zinaisha katikati ya taarifa ya habari, mmoja anasoma zile tarakimu 20 kwa tochi ya simu, mwingine anabonyeza, wa tatu kasimama nyuma anasema umekosea hapo, rudia.

Sasa mtu kama huyo umpeleke akae jirani na mzee mwenye balbu 22,000. Hiyo namba kaitaja mwenyewe kwenye TV, anajivuna nayo kama mtu anavyotaja idadi ya ng'ombe. Zina kompyuta yake kabisa, zinacheza kufuata muziki, na muziki wenyewe haupigwi nje kukera watu, unafungua redio ya gari kwenye masafa aliyobandika kwenye kibao. Magari yanapanga foleni mtaa mzima. Mimi natoka kazini nimechoka, nyumba yangu naiona pale, nasubiri robo saa kuingia kwangu mwenyewe kwa sababu watu wanaangalia taa!

Nikapiga hesabu, siwezi kujizuia. Balbu za LED, kamba ya balbu mia inakula kama wati tano, kwa hiyo zote ni wati 1,100 hivi. Anawasha saa kumi na moja jioni, zinajizima saa nne. Ni uniti tano na nusu kila usiku. Siku 14 tu kashamaliza uniti 75, zile zile ambazo kwetu ukizivuka ndani ya mwezi ile bei ya shilingi mia kwa uniti unaisikia kwa jirani. Na hapo hajapika chai.

Najua mtu ataanza, "Ameenda Ulaya sasa anatusema". Kwanza hii sio Ulaya. Pili nani kakusema? Nawasema hawa. Hawa watu kuna kipindi kizima cha TV huku, kituo cha ABC wanakionyesha tangu 2013, kazi yake ni kushindanisha nyumba kwa mataa ya Krismasi na mshindi anachukua dola 50,000, ni zaidi ya milioni mia moja za kwetu, kwa kuning'iniza balbu. Mzee anasema ubishi huu ulianza 1882 New York, mshirika wa Edison alipofunga balbu 80 kwenye mti nyumbani kwake. Anaijua historia yote, ukimgusa humalizi leo. Na mwingine atasema naona wivu. Wivu upo kidogo, sikatai. Wanangu wanakaa dirishani kwangu kuangalia nyumba ya mwenzao.

Na msiseme sijajaribu. 2019 nilikuja likizo nikabeba kamba tatu za taa hizo, nikasema mwaka huu nyumba ya mama itang'aa Mwanga nzima waone. Nikazifunga barazani, watoto wa dada wamekaa kwenye mkeka wanasubiri, majirani wamesimama ukutani. Nikachomeka kwa adapta. Kumbe ile adapta inabadilisha miguu ya plagi tu, haibadilishi umeme, na taa za huku ni za volti 120, sisi kwetu 230. Paa! Ziliwaka ningesema sekunde moja, na hiyo sekunde moja zilikuwa nzuri kuliko za mzee zote, halafu harufu, halafu nyumba nzima giza kwa sababu na swichi kubwa ilishuka. Kimya kidogo. Mama akasema kwenye giza, "Haya, tumeona." Mpaka leo watoto wale wananiita Anko Paa, na wengine wameshaota ndevu.

Kwa hiyo nikisema mimi na taa za kupamba tumeachana, nina sababu zangu, isiwe ubahili tu kama anavyosema kaka (ambaye bado nina elfu hamsini yake, au yeye ana yangu, tutaongea).

Ila kinachoniuma kwenye ile habari ni pale mtangazaji aliposema hakuna sehemu nyingine utaona taa hivi. Mama yangu! Wewe umeshakaa Kibirizi, kule kwetu Kigoma kando ya Ziwa Tanganyika, usiku wa giza, mwezi haupo, wavuvi wameingia? Tulikuwa tunapanda mlimani kuangalia. Ziwa lote linakuwa mji. Karabai mamia kwa mamia, zinapanda na kushuka na mawimbi, nyingine mbali mpaka unachanganya na nyota, na ukinyamaza unasikia wanaitana toka mtumbwi huu mpaka ule. Siku hizi wengi wana taa za betri, nyeupe zaidi, mimi napenda ile njano ya karabai lakini mimi sio ninayevuta moshi wake. Mwezi ukiwa mkubwa wanapumzika, dagaa hawafuati taa kukiwa na mwanga juu. Na 2024 ziwa lilipofungwa uvuvi miezi mitatu kuanzia katikati ya Mei, kaka aliniambia usiku ukitazama huko ni kama kuna mtu kafariki. Hiyo ndio taa ambayo mama hajawahi kusema izimwe.

Nikamwomba kaka anirekodie, nimwonyeshe mzee. Kaka na simu yake ile yenye kioo kimepasuka, video imetoka nyeusi yote, vidoti vyeupe vinatetemeka, na sauti ya upepo na yeye anamwambia mtu "tulia kwanza narekodi ya Marekani". Nikaipeleka hivyo hivyo. Mzee akavaa miwani, akaiangalia mara mbili kwa adabu kabisa, akaniuliza balbu ngapi. Nikamwambia hakuna anayehesabu, kila mtumbwi unakuja na zake. Akauliza nani anazilipia. Nikasema wenyewe. Akafikiri, akauliza, sasa hapo wanasherehekea nini?

Nikamwambia dagaa.