10.4: tarakimu ya ukosefu wa kazi iliyosomwa vibaya Kenya wakati wa korona

Ukitaja zile tafiti za simu za 2020 wakati wa korona, za KNBS, shirika la takwimu la Kenya, watu hucheka, ati unampigiaje mtu mwenye njaa umuulize jana amekula mara ngapi na humtumii hata mia. Na hoja ipo jamani. Asiye na simu hakuulizwa, na wengine wakiskia swali la chakula wanajua kuna msaada unakuja basi wanapunguza sahani.

Lakini Mei 2020 ungefanyaje? Kafyu inaanza saa moja jioni, nani anatumwa nyumba kwa nyumba na makaratasi? Wakapiga simu, na mapema tu ikajulikana kaya kama asilimia 30 zimeshindwa kulipa kodi ya nyumba ya Aprili kwa wakati. Ama tungengoja sensa ya 2029?

Tarakimu inayonisumbua mimi ni ile ya ajira, kwenye ripoti ya KNBS ya kila robo mwaka. Ukosefu wa kazi ulitoka asilimia 5.2 robo ya kwanza ya 2020 ukafika 10.4 robo ya pili, na mtaani watu wakasema uongo huo, mbona ploti nzima imekaa tu. Sasa angalia hesabu inavyofanywa: ukipata kazi hata ya saa moja kwa wiki, wewe umeajiriwa. Mama fua aliyekuwa akifulia nyumba tano, wateja wakaogopa kumfungulia geti, akabaki na moja ya Jumamosi, kwa ripoti huyo ana kazi. Aliyechoka kutafuta akapanda gari kurudi ushago naye hayumo kwa 10.4, maana lazima uwe unatafuta. Hakuna aliyedanganya hapo. Ripoti hiyo hiyo ina waliopunguziwa masaa na waliokata tamaa, ila hizo kurasa nani alizifungua?

Na hesabu inafaa pia kupima ile hoja kwamba kafyu ndiyo iliua biashara. Tanzania hawakufunga nchi, lakini watalii walishuka kutoka milioni 1.5 mwaka 2019 hadi 620 elfu hivi mwaka 2020, kwa hiyo anayesema biashara iliuliwa na kafyu peke yake ana kazi ya kueleza.

Kama ni kulaumu zile tafiti za simu, mimi ningeuliza nani alijibu. Simu ikilia, anayeishika ndiye anaongea kwa niaba ya nyumba nzima, na huyo akiwa ni baba, huenda hata hajui mama amelala bila kula ili watoto washibe. Hapo wakosoaji wangekaza ningekuwa upande wao.