Sikuiba kuku, nilikuwa natafuta bikoni

Kabla hamjaendelea kusambaza ile picha ya makalio yangu yakiwa yametokeza kwenye banda la kuku kule Kivule, naomba na mimi nisikilizwe. Aliyeipiga ni jamaa yangu niliyekwenda naye awe shahidi, na ndiye aliyeandika chini yake "mwenye nyumba mpya akijitafutia mboga". Shahidi gani huyo?

Nyumba yenyewe ni ile niliyotaka kuinunua, nimeshawachosha nayo. Vyumba vitatu, bati la msauzi, jiko la ndani lenye marumaru mpaka juu. Lile jiko ndilo lililonimaliza. Upekuzi wa ardhi ulishatoka safi: jina ni la muuzaji, hati ya miaka 99, hakuna benki inayodai. Dalali anaimba tu "haina mgogoro hii, bosi". Mimi nikawa nimeshaanza kuulizia bei ya mapazia. Mke wangu akagoma. Upekuzi unakwambia kiwanja ni cha nani, akasema, haukwambii nyumba imekaa wapi. Pesa haitoki mpaka mpima akanyage pale. Nikamlipa mpima huku nimenuna.

Kijana mpole, haongei. Akasimamisha mashine yake ya GPS, akakunjua ramani ya upimaji, akachomeka vigingi mbele na nyuma, akavuta kamba. Kamba ikaenda vizuri, ikapita dirisha la sebule, halafu ikagota kwenye ukuta wa jiko. Akairudia. Ikagota palepale.

"Kaka, sinki na shimo la choo viko kwa jirani."

Muuzaji akaja juu, eti mashine ni mbovu, inasoma mawingu. Na mimi, mnunuzi, mwenye pesa yangu, nikamuunga mkono! Mpima akasema jambo ni rahisi: ng'ambo ya michongoma kuna bikoni ya zamani ya kiwanja cha jirani, yaani ile alama ya mpaka inayofukiwa ardhini. Tukiikuta pale mashine inapoonyesha, basi mashine ni nzima. Wenyewe hawapo, mtoto akatuambia tuingie tu. Mashine ikatupeleka mpaka kwenye banda la kuku, ikatulia.

Nani aingie? Mpima ameshika mashine. Muuzaji ana mgongo. Dalali ghafla simu yake ikaita, sijaisikia mlio mpaka leo. Nikaingia mimi, na suruali yangu ya krimu niliyovaa nifanane na mwenye nyumba.

Sasa tulieni. Mlango wa kuku haukutengenezwa kwa ajili ya binadamu. Kichwa kikapita. Bega likapita kwa ubavu. Kiuno kikagoma, mkanda umenasa kwenye wavu. Nimelala kifudifudi juu ya mbolea ambayo haijakauka, tochi ya simu mdomoni, na mbele yangu tetea anaatamia, ananitazama machoni. Nikamzunguka kwa mkono. Nikafukua, nikafukua, naomba nisikute kitu. Kucha zikagonga zege. Nikapangusa. Chuma katikati. Namba pembeni.

"Isome, kaka," mpima anasema huko nje.

Nikaisoma.

"Soma tena."

Nikasoma tena, polepole, kwa kweli nikitamani kubadilisha hata tarakimu moja.

"Ndiyo yenyewe."

Yaani nimetambaa kwa tumbo, kwa hiari yangu, kwenda kujinyang'anya jiko. Nikashusha pumzi. Tetea akaielewa vibaya ile pumzi, akanirukia usoni. Mayai yakapasuka, mengine chini ya kidevu changu, na hapo ndipo nikasikia nyuma yangu sauti ya mama mtu mzima katoka sokoni: "Mwiziii! Mwizi wa kuku!"

Nyie mnaoishi uswahilini mnajua neno hilo likishatoka, una muda gani. Kurudi nyuma siwezi, mkanda. Kwenda mbele kuna tetea. Mpima na mashine yake wameyeyuka. Kitu pekee kilichonijia kichwani ni malezi yangu, nikapaza sauti mulemule bandani: "Shikamoo mama!"

Akaitikia, "Marahaba." Kisha akaendelea kupiga yowe.

Mjumbe ndiye aliyeniokoa, wavu ukakatwa, nikalipa mayai na wavu. Mama alipoelezwa habari ya kamba akanyamaza, akaenda kulitazama lile jiko kwa dirishani, akasema marumaru ni nzuri, amezipenda. Sasa yeye na muuzaji wamepelekana serikali ya mtaa, mimi nimejitoa. Muuzaji jana kanipigia eti nichukue nyumba bila jiko, atanipunguzia, na choo nitaongea na mama kirafiki. Dalali naye kanitumia picha za nyumba nyingine Chanika. Ina jiko zuri sana, nimeona marumaru. Mke wangu kashampigia mpima.